Breki za Ubongo na Macho ya Mtoto

Ndugu msomaji, tukiulizwa tunaona kwa kutumia nini, sote tutajibu: kwa macho. Jibu hilo ni la kweli, ila ni nusu ya jibu. Jicho hupokea nuru; anayeona ni ubongo. Na ubongo wenyewe hauzaliwi ukijua kuona. Hujifunza, kama vile mtoto anavyojifunza kutembea na kusema, nao una majira yake ya kujifunza. Majira hayo yakipita, somo huwa gumu sana.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Morogoro, wa mjini na wa milimani, kwa sababu wapo watoto wanaozaliwa na ugonjwa wa mtoto wa jicho, na wapo wazazi wanaosubiri "mpaka akue kidogo" ndipo wampeleke hospitali. Mtoto anapelekwa akiwa na miaka minane au tisa. Anafanyiwa upasuaji, jicho linakuwa safi, lakini bado haoni vizuri. Wazazi huvunjika moyo, na wengine husema daktari amekosea. Mara nyingi daktari hakukosea kitu. Jicho limesafishwa, lakini ubongo ulikwisha maliza majira yake ya kujifunza.

Katika somo hili tutaeleza kwa nini inakuwa hivyo. Tutakutana na seli za ubongo ambazo kazi yake si kupeleka habari mbele bali ni kuzuia. Utashangaa kuona kwamba seli hizo za kuzuia ndizo zinazotuwezesha kuona sawasawa, na kwamba ndizo hizo zinazofungua na kufunga majira ya mtoto kujifunza kuona.

1. NURU INASAFIRI MPAKA KISOGONI

Nuru huingia katika jicho kwa kupitia mboni, yaani kile kitundu cheusi kilichoko katikati. Hupita kwenye lenzi, ambayo kwa mtu mwenye afya ni angavu kama maji ya chemchemi, kisha huangukia kwenye retina. Retina ni utando mwembamba uliotandazwa nyuma ya jicho kwa ndani. Una seli zaidi ya milioni 100 za kupokea nuru. Seli hizo huigeuza nuru kuwa ishara ndogo sana za umeme.

Ishara hizo hukusanywa na neva ya jicho, ambayo ina nyuzi kama milioni 1. Neva hiyo huzipeleka mpaka kituo kilichoko katikati ya ubongo, na kutoka hapo huendelea mpaka nyuma kabisa ya kichwa, kisogoni. Huko ndiko kuna eneo la kuona la gamba la ubongo. Gamba la ubongo ni tabaka la juu lenye mikunjo mingi, ambalo unene wake ni milimita 2 hadi 4 tu. Ndiyo sababu mtu aliyeumia vibaya kisogoni, kwa mfano katika ajali ya pikipiki, anaweza kupoteza uwezo wa kuona ingawa macho yake yote mawili ni mazima.

Wataalamu wawili, David Hubel na Torsten Wiesel, walifanya kazi pamoja huko Marekani kuchunguza eneo hili. Mwaka 1959 walieleza jambo walilolikuta katika ubongo wa paka. Seli za eneo la kuona hazijali kila kitu. Seli moja huamka ikionyeshwa mstari uliosimama wima, nyingine huamka kwa mstari uliolala, na nyingine kwa mstari ulioinama upande. Kila seli ina mstari wake. Kutokana na vipande vidogo kama hivyo, ubongo hujenga sura ya mama, herufi ya ubaoni, au jiwe lililoko njiani. Kwa uchunguzi wao juu ya kuona walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Lakini je, seli inajuaje kunyamaza mstari usio wake unapopita? Hapo ndipo zinapoingia seli za kuzuia.

2. SELI ZA KUCHOCHEA NA SELI ZA KUZUIA

Seli za neva katika gamba la ubongo ni za namna mbili kuu. Namna ya kwanza ni seli za kuchochea. Seli hizi zikipata habari huiamsha seli inayofuata: "Nawe amka, peleka mbele." Kati ya kila seli 100, kama 80 ni za namna hii.

Namna ya pili ni seli za kuzuia. Ni chache, kama 20 kati ya 100, na nyingi zina nyuzi fupi ambazo haziendi mbali. Seli hizi huiambia seli jirani: "Wewe tulia." Hufanya hivyo kwa kumwaga kemikali iitwayo GABA, ambayo ilitambuliwa katika ubongo mwaka 1950. GABA ikiifikia seli jirani, seli hiyo huwa nzito kuamka.

Msomaji anaweza kudhani kwamba ubongo ungefanya kazi vizuri zaidi kama usingekuwa na wazuiaji hawa. Sivyo. Mfikirie mkulima wa mboga kule Mgeta. Maji ya mfereji yakiachwa yafurike kila upande, kabichi hazipati maji, na udongo huporomoka bondeni. Kingo za mfereji huyazuia maji yasiende kokote, na kwa kuyazuia hivyo huyafikisha kitaluni. Seli za kuzuia ni kingo za mfereji huo. Au ukipenda, ni breki za gari linaloteremka mlimani: dereva hawezi kuifikisha salama abiria wake kwa moto wa injini peke yake.

Breki hizi nazo si za aina moja. Wataalamu huzigawa katika makundi makubwa matatu, kufuatana na protini zilizomo ndani yake:

(a) Kundi la kwanza lina protini iitwayo parvalbumini. Nyingi kati ya seli hizi huishika seli ya kuchochea karibu na kiini chake, hapo hapo ishara inapotaka kuzaliwa. Ni za haraka sana, na hupanga wakati: nani aseme sasa, nani asubiri.

(b) Kundi la pili lina somatostatini. Hizi hushika matawi ya mbali ya seli, mahali habari zinapoingilia. Hupunguza nguvu ya seli pale ambapo kitu kile kile kinaonekana kila mahali, ili kile kilicho tofauti kijitokeze.

(c) Kundi la tatu hujulikana kwa kifupi cha VIP. Kazi yake ni kuzizuia seli nyingine za kuzuia, hasa zile za kundi la pili. Yaani ni breki ya breki. Mnyama anapochangamka na kuanza kukimbia, seli hizi huamka, breki nyingine hulegea kidogo, na eneo la kuona huwa makini zaidi.

3. KUZUIA KUNAVYOTUSAIDIA KUONA

Mwaka 1975 mtaalamu mmoja wa Uingereza, Adam Sillito, alitaka kujua nini kitatokea breki zikiondolewa. Alitumia dawa inayoizuia GABA isifanye kazi katika eneo la kuona la paka. Seli nyingi zilipoteza uchaguzi wake, au uchaguzi huo ulififia. Seli iliyokuwa ikiamka kwa mstari wa wima tu, sasa iliamka kwa mistari ya kila upande. Ilikuwa inasema sana, lakini habari yake ilipungua maana. Dawa ilipokwisha nguvu, uchaguzi ulirudi.

Hilo ndilo fundisho. Seli inayoitikia kila kitu haituambii lolote. Ni kama mbwa anayebweka usiku kucha: mwizi akija kweli, nani atajua?

Unaweza kuiona kazi ya seli za kuzuia wewe mwenyewe, nyumbani au darasani, bila chombo chochote cha hospitali. Fanya hivi:

Chukua karatasi moja ya rangi ya kijivu au kipande cha boksi. Kata vipande viwili vidogo vilivyo sawa. Kimoja kiweke juu ya kitambaa cheusi, na kingine juu ya kitambaa cheupe. Viweke karibu karibu, kisha vitazame. Kile kilichoko juu ya cheusi kitaonekana kimeng'aa zaidi, na kile kilichoko juu ya cheupe kitaonekana kimefifia, ingawa vimekatwa kutoka karatasi moja. Sababu mojawapo ni kwamba seli zinazotazama weupe mwingi huamka kwa nguvu na kuwanyamazisha jirani zao. Kazi hii huanza ndani ya retina na kuendelea katika gamba la ubongo.

Kwa nini ubongo utudanganye hivyo? Kwa sababu haja yake kubwa ni kujua mipaka: kitu kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Alfajiri, ukiwa mjini Morogoro ukitazama upande wa milima, nuru bado ni hafifu, lakini mgongo wa Uluguru unauona wazi umechorwa juu ya anga. Kunyamazishana kwa seli jirani kunasaidia kuukoleza mpaka huo. Kwa njia hiyo hiyo mama huiona ngazi ya mwisho gizani, na mwanafunzi huitofautisha herufi "b" na "d".

4. BREKI ZIKILEGEA

Itakuwaje breki za ubongo zikishindwa kazi? Mfano tunao katika mkoa wetu. Mahenge, katika wilaya ya Ulanga, inajulikana na wataalamu wa dunia kwa sababu ya wingi wa ugonjwa wa kifafa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mmoja mwanamke, mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha huko kliniki ya kifafa. Aliwakuta wagonjwa wametengwa, kwa maana watu waliogopa kwamba kifafa huambukiza kwa mate. Wengine walikuwa na makovu ya moto, kwa kuwa waliangukia mekoni na hakuna aliyethubutu kuwagusa.

Kifafa si ugonjwa wa kuambukizana kwa mate. Ni hali ambayo kundi kubwa la seli za ubongo huamka kwa pamoja bila mpango, na breki hazitoshi kuzituliza. Dawa ambayo wagonjwa wengi wa Mahenge walipewa ni fenobabitoni, nayo husaidia kwa kuiongezea nguvu kazi ya GABA. Yaani hukaza breki. Ndiyo sababu mgonjwa wa kifafa hapaswi kuacha dawa ghafla kwa vile tu amekaa muda bila kuanguka. Ukiondoa breki ghafla mlimani, gari hukimbia kuliko lilivyokuwa.

Mara nyingine kifafa huanzia kisogoni, kwenye lile eneo la kuona. Mgonjwa wa namna hii, kabla ya kuanguka au hata bila kuanguka, huona viduara vya rangi rangi au vimulimuli upande mmoja, wala hakuna kitu mbele yake. Huyo hajarogwa wala haoni mizimu. Seli zake za kuona zimeamka zenyewe bila nuru yoyote kuingia machoni. Apelekwe hospitali, naye atasaidiwa.

5. MAJIRA YA KUJIFUNZA KUONA

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo letu.

Mwaka 1963 Wiesel na Hubel walitoa habari za uchunguzi mwingine. Walifunga jicho moja la paka mchanga kwa miezi michache ya kwanza ya maisha yake, kisha wakalifungua. Jicho lenyewe lilikuwa zima. Retina ilikuwa inapokea nuru. Lakini katika eneo la kuona, karibu seli zote zilikuwa zimehamia kwenye jicho lile lililoachwa wazi. Jicho lililofungwa halikuwa na watu wa kulisikiliza tena. Walipomfanyia hivyo paka mkubwa, hakupatwa na badiliko hilo. Hivyo ikajulikana kwamba kuna majira maalumu, utotoni, ambapo macho mawili hushindania nafasi katika ubongo. Jicho lisiloleta habari hunyang'anywa nafasi yake.

Kwa miaka mingi watu hawakujua nini kinachofungua majira hayo. Jibu lilianza kupatikana mwaka 1998. Takao Hensch na wenzake walichunguza panya ambao kwa kuzaliwa kwao walitengeneza GABA pungufu. Panya hao hawakuwa na majira ya kujifunza kabisa: ukifunga jicho moja, ubongo haubadiliki. Walipopewa dawa ya diazepamu, ambayo huiongezea GABA nguvu, majira yalifunguka. Kwa maneno mengine, ni mpaka breki zikomae ndipo ubongo unapoanza kujifunza kuona vizuri.

Kwa nini iwe hivyo? Fikiria darasa la watoto 80 ambao wote wanapiga kelele kwa wakati mmoja. Mwalimu hawezi kumjua anayejua somo na asiyejua. Darasa likitulia, akasema mmoja mmoja, mwalimu anaweza kumpongeza aliyejibu sawa na kumsahihisha aliyekosea. Katika ubongo wa mtoto mchanga kelele ni nyingi. Zile seli za parvalbumini zikikomaa, huleta utulivu na kupanga wakati. Hapo ndipo nyuzi zinazoleta habari sahihi huimarishwa, na zile zisizoleta habari hupunguzwa.

Majira yaliyofunguka hufungwa pia. Seli hizo za kuzuia huzungukwa polepole na wavu mgumu wa protini na sukari, unaozifanya zishike mahali pake. Mwaka 2002 Tommaso Pizzorusso na wenzake huko Italia waliuyeyusha wavu huo katika ubongo wa panya wakubwa, na ubongo wao ukaweza tena kubadilika kama wa watoto. Hiyo imefanyika kwa panya. Hospitalini kwetu hakuna dawa ya kumfanyia hivyo binadamu. Wala mtu asije akampa mtoto diazepamu akidhani ni dawa ya macho. Ni dawa kali yenye kazi zake nyingine, na hutolewa kwa amri ya mganga.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Walisema hivyo juu ya malezi, lakini hata ubongo wa kuona una ubichi wake. Kwa binadamu, miezi ya kwanza baada ya kuzaliwa ndiyo yenye nguvu kuliko yote. Baada ya hapo majira huendelea kupungua polepole hadi mtoto afikapo miaka saba au minane hivi.

6. MTOTO WA JICHO KWA WATOTO

Wengi wetu tunaufahamu mtoto wa jicho kama ugonjwa wa wazee. Lenzi iliyokuwa angavu hugeuka kuwa na ukungu, na mboni huonekana nyeupe. Mzee akifanyiwa upasuaji hata baada ya miaka mitano, mara nyingi huona vizuri kama macho yake hayana ugonjwa mwingine. Ubongo wake ulikwisha jifunza kuona tangu utotoni. Ulikuwa unangoja nuru tu.

Mtoto mchanga ni tofauti. Akizaliwa na lenzi yenye ukungu, ubongo wake haupati picha ya kujifunzia. Majira yanafunguka, yanapita, na hakuna kilichopandwa. Ni sawa na mkulima anayeleta mbegu za mahindi shambani masika yamekwisha. Mbegu ni nzuri na shamba ni safi, lakini mvua zimepita.

Kwa hiyo madaktari hushauri kwamba mtoto aliyezaliwa na ukungu mzito katika jicho moja afanyiwe upasuaji mapema sana, ikiwezekana katika wiki 6 za kwanza. Mwenye ukungu mzito katika macho yote mawili asipitishe wiki 8 au 10 hivi ikiwezekana. Jicho moja lina haraka zaidi kwa sababu ya ule ushindani: jicho zima halimngojei mwenzake.

Watoto wengine hupata ukungu huo kwa kurithi katika ukoo. Wengine huupata kwa sababu mama aliugua rubela akiwa na mimba changa. Ndiyo maana chanjo ya surua na rubela, ambayo Tanzania ilianza kuitoa mwaka 2014, ni kinga ya macho pia.

Je, watoto wetu hufikishwa hospitali mapema? Utafiti juu ya watoto waliofikishwa hospitali ya KCMC, Moshi, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba wengi walichelewa kwa muda mrefu tangu siku wazazi walipoiona dalili. Umbali wa hospitali ulichangia. Tafiti za huko zimeonyesha pia kwamba wasichana wanaoletwa ni wachache kuliko wavulana. Na wazazi walipoulizwa, ilionekana kwamba mara nyingi mama ndiye aliyeona tatizo kwanza, lakini uamuzi wa kusafiri na fedha za nauli havikuwa mikononi mwake peke yake.

Kwetu Uluguru tunayajua mambo hayo. Kutoka kijiji cha juu mpaka barabarani ni mwendo wa miguu, tena mvua zikinyesha njia hukatika. Na kwa kawaida ya Waluguru, mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mjomba na bibi wana neno katika mambo yake. Kikao kinangoja mjomba arudi kutoka mjini, kisha kinangoja mavuno, kisha kinangoja mwaka mpya. Hakuna mtu mbaya katika kikao hicho. Lakini kila mwezi wanaoungoja, katika kisogo cha mtoto kuna nafasi inayopotea. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

7. TUFANYE NINI?

Kwanza, tumtazame mtoto. Mchunguze mtoto wako mchana, mahali penye nuru. Mpeleke kwa mganga mara moja ukiona mojawapo ya dalili hizi:

(a) Mboni ni nyeupe au ya kijivu badala ya kuwa nyeusi. Hata katika picha ya simu, ukiona jicho moja lina doa jeupe na jingine ni jekundu, usipuuze.
(b) Mtoto ametimiza miezi mitatu naye haufuati uso wa mama kwa macho.
(c) Macho yanachezacheza bila kutulia.
(d) Ana makengeza. Makengeza hayaletwi na kuigizana; huweza kuwa dalili kwamba jicho moja limeachwa na ubongo.
(e) Ukimziba jicho moja kwa kiganja analia na kukwepa, lakini ukimziba la pili hajali. Inaelekea lile la pili halioni vizuri.

Fahamu pia kwamba weupe wa mboni kwa mtoto huweza kuwa dalili ya kansa ya jicho, ambayo huua isipotibiwa. Hiyo ni sababu nyingine ya kutongoja.

Pili, tusitie kitu machoni. Hakuna majani, matone wala maziwa ya mama yanayoondoa mtoto wa jicho. Dawa za kienyeji zinaweza kuunguza kioo cha jicho na kuleta upofu wa pili juu ya ule wa kwanza.

Tatu, tufuate njia. Anzia zahanati au kituo cha afya, upate barua ya kwenda hospitali ya wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Morogoro. Upasuaji wa mtoto mdogo huhitaji kumlaza usingizi na wataalamu wa macho ya watoto, kwa hiyo huenda mkaelekezwa Muhimbili au CCBRT, Dar es Salaam, au KCMC, Moshi. Msirudi nyumbani kwa sababu ya neno "Dar es Salaam". Mwelezeni afisa ustawi wa jamii wa hospitali hali yenu ya fedha kabla ya kukata tamaa.

Nne, tusidhani upasuaji ndio mwisho. Upasuaji hufungua dirisha. Masomo ya ubongo ndiyo yanaanza. Mtoto atahitaji miwani, na macho yake yatapimwa mara kwa mara. Huenda daktari akaagiza jicho zima lizibwe kwa saa kadhaa kila siku. Wazazi wengine huona huo ni ukatili: mtoto ana jicho moja zuri, nalo lizibwe! Lakini sasa unajua sababu. Jicho zima linaponyamazishwa kwa muda, lile dhaifu hupata nafasi ya kusikilizwa. Asipovaa miwani na asipozibwa jicho kama alivyoagizwa, fedha na nauli vimepotea.

Tano, asiachwe aliyechelewa. Kama mtoto wako amekwisha timiza miaka mitano, kumi au zaidi, mpeleke. Huko India, tangu miaka ya 2000, watoto wakubwa na vijana waliozaliwa vipofu kwa mtoto wa jicho wamefanyiwa upasuaji, na wengi wamepata faida: wametambua watu na vitu, wameweza kutembea bila kushikwa mkono. Hawakupata kuona kwote kama aliyetibiwa mapema, lakini walichokipata kiliwabadilishia maisha. Mlango wa ubongo hufungwa polepole, wala haufungwi wote kwa siku moja.

Ndugu msomaji, inawezekana kijijini kwako yupo mtoto anayeitwa mzito wa akili kwa sababu hujikwaa na hasomi ubaoni. Mtazame machoni kwanza. Na kama yupo mchanga mwenye mboni nyeupe, usiende kwa mama yake na pole peke yake. Nenda ukiwa umejua gari la kwenda mjini linaondoka saa ngapi, na nani atabaki na watoto wengine nyumbani.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini mzee aliyefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho baada ya miaka mitano huweza kuona vizuri, lakini mtoto aliyezaliwa nao akacheleweshwa miaka mitano haoni vizuri?
2. Seli za kuzuia ni chache kuliko za kuchochea. Taja mambo mawili ambayo ubongo hauwezi kuyafanya vizuri bila hizo.
3. Katika familia yako, nani huamua mtoto apelekwe hospitali ya mbali? Mtafanyaje ili uamuzi huo usichukue zaidi ya wiki moja?
4. Jirani yako ameambiwa azibe jicho zuri la mtoto wake, naye anakataa. Mweleze sababu kwa maneno yako mwenyewe.